Kuchelewa si uhuni, pimeni umbali kwanza

Najua kijiwe hiki kimekuwa kimya tangu nilipoondoka kwenda BTP, na wengine mlishaanza kuuliza kama nimeoa huko Uziguani. Sijaoa. Nimerudi chuo, nipo bwenini, ni Jumapili saa nne usiku, wenzangu wawili wamelala na mmoja anakoroma kama Fuso inapanda mlima. Leo sina stori za mapenzi wala za kantini. Nina hasira, na nataka niziseme zote kwa mpangilio.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki iliyopita kuna jamaa katika grupu letu la WhatsApp la mwaka wa pili alituma ujumbe kwamba "mwalimu mtarajiwa kafungiwa kucheza vigari kwa uhuni". Watu wakacheka. Mimi pia nikaweka kicheko, maana ukikasirika kwenye grupu umekwisha. Lakini neno "uhuni" limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo nalijibu, na nikimaliza nitawageukia wengi wetu tunaosomea ualimu, maana na sisi tumo.

Kwanza kwa wasiojua. Kuna gemu linaitwa Live for Speed. Ni la zamani, lilianza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na limetengenezwa na watu watatu tu. Siyo yale ya kugonga polisi na kuruka maghorofa. Hili linaiga gari kweli: tairi linapata moto, linalika, ukikanyaga breki vibaya linateleza. Toleo la majaribio ni bure na lina uwanja mmoja, Blackwood, na magari matatu. Ukiwa na kompyuta ya mtumba kama yangu linacheza bila shida, na hapo hapo unaweza kushindana na watu wa nchi nyingine kupitia intaneti. Mimi nilijiunga na ligi moja ya watu wa Ulaya. Mbio kila Jumapili usiku, pointi zinahesabiwa, kuna waamuzi wanaotazama marudio ya mbio na kutoa adhabu. Jina la ligi silitaji, sitaki ugomvi wa majina, nataka ugomvi wa hoja.

Najua mtasema ni mchezo wa watoto wa kishua. Jamani! Usukani wangu ni wa mtumba, kanyagio moja nimelifunga kwa mpira wa baiskeli. Boomu letu la kula na kulala ni shilingi 10,000 kwa siku, mnajua wenyewe. Bando la Jumapili nilikuwa nalipata kwa kuruka chakula cha mchana Ijumaa na Jumamosi. Wako wanaotumia zaidi ya hapo kwenye mikeka ya kubeti na hakuna anayewaita wahuni.

Sasa tuje kwenye tukio. BTP nilipangiwa shule moja ya sekondari wilaya ya Handeni, nafundisha fizikia na hisabati. Pale nilipopanga chumba mtandao ulikuwa wa kuvizia, ukipata vijiti viwili unashukuru Mungu. Kwa hiyo Jumapili nilikuwa napanda basi kwenda nyumbani Korogwe, naingia kwa mama pale Manundu, naweka kompyuta kwenye meza ya kulia chakula, nachukua intaneti kwenye simu niliyoining'iniza dirishani. Mama anapita nyuma yangu ananiambia, "Baba, punguza mwendo utaangusha vikombe." Basi ndivyo nilivyokuwa nashindana na Wajerumani na Wapolandi.

Nilikuwa nafasi ya nne katika msimamo. Ya nne, wadau! Zimebaki mbio tatu. Jumapili hiyo nilikuwa nyuma ya jamaa mmoja, namfuata kama mita kumi na mbili hivi, tunaishuka ile barabara ndefu ya Blackwood kwa kama kilomita 160 kwa saa. Nikakanyaga breki mapema, maana nilijua mtandao siku hiyo unayumba. Kwenye kioo changu sikumgusa. Nimemwachia nafasi ya kutosha kupita bodaboda. Halafu nikaona gari lake linazunguka lenyewe, linaingia kwenye majani, na maneno ya matusi yanaanza kumiminika kwenye maandishi ya pembeni.

Jumanne hukumu ikatoka. Waamuzi walitazama marudio yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya yule jamaa. Humo nimemgonga bampa la nyuma, tena vizuri kabisa. Nikawatumia ya kwangu, yanayoonyesha sikumgusa. Wakajibu kwamba hayo ni ya upande wangu tu. Nimefungiwa mbio tatu, yaani msimu wangu umekwisha, na kwenye orodha ya adhabu wakaandika kuwa ni uendeshaji wa makusudi na wa hatari. Chini yake sentensi mbili ambazo naweza kuzisema usingizini: sheria ni moja kwa wote, kama mtandao wako ni mbovu, usituharibie mbio.

Hebu tulieni tufanye hesabu, si tunajiita watu wa fizikia.

Seva yao iko Ujerumani. Kutoka kwetu mpaka Frankfurt, hata ungenyoosha kamba angani, ni karibu kilomita 7,000. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hata ungekuwa na mtandao wa malaika, kwenda na kurudi ni milisekunde 70, na hakuna waziri wala fundi anayeweza kupunguza hapo. Lakini mkongo haupiti angani, unapita baharini, unazunguka, unaingia kwenye mitambo kadhaa njiani. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio wachezaji wanauita pingi. Yangu kwa kawaida ilikuwa 230. Wenzangu wa Ujerumani ni 15 au 20.

Ukienda kilomita 160 kwa saa unakula mita 44 kila sekunde. Kwa pingi ya 230, habari ya gari langu inachukua takriban nusu ya hiyo kufika kule, na katika muda huo nimeshasogea mita 5. Hilo ni gari zima. Siku ile pingi iliruka mpaka 400. Hapo ni mita 9, magari mawili madogo yamepangana.

Na kuna jambo watu hawalijui. Kompyuta ya mwenzako haikai kungojea habari zako. Inakisia. Inaona ulikuwa unakwenda kasi fulani, inaendelea kukusogeza mbele kwa kasi hiyo hiyo mpaka habari mpya ifike. Mimi nimekanyaga breki Korogwe, lakini breki yangu bado iko safarini chini ya bahari. Kule kwenye kioo cha yule jamaa mimi bado nakuja kama tenki la mafuta lililokatika breki. Naingia kwenye bampa lake. Yeye kagongwa kweli. Mimi sijamgonga kweli. Wote wawili hatusemi uongo!

Sasa niseme haki. Yule jamaa aliharibiwa mbio zake, na mimi ningekuwa yeye ningelalamika. Ligi ina haki ya kuweka kikomo cha pingi na kuniambia mapema kwamba kwa hali hii huwezi kushindana hapa. Ningekubali, ningeumia lakini ningekubali. Kikomo chao chenyewe kiliandikwa 300, na iliporuka zaidi ya hapo seva haikunitoa. Ninachokataa ni neno makusudi. Ninakataa mtu aliyekaa kilomita 40 kutoka kwenye seva kuchukua rula yake, kunipimia mimi niliye kilomita 7,000, halafu tofauti ya urefu wa waya akaiita tabia yangu.

Maana wakubwa wakikatika, hakuna anayewaita wahuni. Januari 2023, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans za kwenye kompyuta, Max Verstappen, wakati huo bingwa wa dunia wa Formula 1, timu yake ikiwa inaongoza, alitupwa nje ya seva. Alikasirika hadharani akawasema waandaaji. Dunia nzima ikasema seva mbovu. Haikusema Verstappen mbovu. Na Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipokatika huko kusini karibu na Afrika Kusini, Tanzania nzima ikayumba kwa siku kadhaa, benki zikasuasua, watu wakashindwa kutuma hata picha. Je, siku zile tulikuwa taifa la wahuni? Tulikuwa watu wa mwisho wa waya, basi.

Hapa ndipo nilipotaka kumalizia, wadau, nikiwa mshindi wa hoja. Lakini kuna kitu kilitokea Jumatano ya wiki ile ile, na nisipokiandika hii posti itakuwa ya uongo.

Jumatano nilikuwa mwalimu wa zamu. Nilikuwa sijalala, usiku nimeandika rufaa kwa Kiingereza cha kuunga unga. Saa mbili na robo asubuhi, kengele imeshapigwa zamani, akaja binti mmoja wa kidato cha tatu anatembea haraka haraka, viatu vyekundu kwa vumbi. Siyo mara ya kwanza. Kwenye daftari la zamu jina lake lilikuwa linajirudia, na wiki ya pili ya BTP mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika pembeni yake "mchelewaji sugu". Nikamwambia afagie uwanja mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Kipindi chenyewe kilikuwa cha kwangu, na kulikuwa na jaribio la msuguano. Akasema, "Samahani mwalimu, naomba nikafanye jaribio kwanza, nitafagia mapumziko." Nikamjibu kwamba sheria ni moja kwa wote.

Akasema, "Sawa mwalimu." Akachukua fagio. Nikampa sifuri.

Niliposimama ubaoni ndipo nikasikia nilichosema. Maneno yale yale! Ya Jumanne! Tena nimeyatoa bila kigugumizi.

Jumamosi nikakodi bodaboda, nikamwambia kijana anipeleke kile kitongoji anakotoka yule binti, na asome mita ya kilomita. Kilomita 9 na kidogo. Njiani tukawapita kina mama na watoto wenye madumu ya maji. Handeni na maji mnajua wenyewe, ni stori ya tangu babu zetu. Nikaambiwa na mama mmoja kwamba watoto wa kike wengi huteka kwanza ndipo waende shule. Kwa hiyo yule binti anaamka saa kumi usiku, anakwenda kisimani, anarudi, anatembea kilomita 9, anafika amechelewa dakika 45. Mwanafunzi anayekaa nyumba za nyuma ya shule anaamka saa moja, anafika mapema, na kwenye daftari letu huyo ndiye mwenye nidhamu.

Nani kati ya hao wawili ana bidii? Hebu nijibuni nyie mnaocheka kwenye grupu.

Jumatatu nilimpa jaribio lake upya. Alipata 14 kati ya 20. Nikakata lile neno "sugu" kwenye daftari, nikaandika umbali pembeni. Kisha nikaomba ofisini kwamba majaribio yasiwekwe kipindi cha kwanza, yawekwe cha tatu. Hilo tu, halina gharama hata ya chaki. Nikajibiwa na mkubwa mmoja kwamba mwalimu wa mazoezi asituharibie nidhamu, watoto wakihurumiwa wanaharibika. Vipindi vyangu nilivihamisha kwa kubadilishana na mwenzangu wa jiografia. Vya wengine sikuweza. BTP ikaisha, nikaondoka, yeye kabaki. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko nafasi ya nne.

Kwa hiyo wanaualimu wenzangu, hoja yangu ni moja na ninairudia bila kuipamba: usimpe mtu jina la tabia kabla hujapima umbali wake. Mchelewaji, mtoro, mvivu, mhuni, haya ni majina ya tabia. Kilomita 9 siyo tabia. Milisekunde 400 siyo tabia. Na hii "sheria ni moja kwa wote" tuache kuisema kama vile ni haki yenyewe. Sheria ikiwa moja na umbali ukiwa tofauti, basi kuna mtu ameshashinda kabla ya kengele kupigwa. Msinielewe vibaya, sisemi tusiwe na kengele. Nasema anayepiga kengele ajue watu wanatoka wapi.

Na nyie mnaosema mchezo haumfundishi mwalimu kitu, somo la msuguano nililifundisha kwa gemu hilo hilo. Niliwachorea kona ya nusu kipenyo mita 50. Lami kavu, namba ya msuguano 0.8, gari linaweza kukata kona kwa kama kilomita 71 kwa saa. Ikinyesha mvua namba ikashuka mpaka 0.4, mwisho ni 50. Kisha nikawaonyesha kwenye kompyuta gari likiingia kona kwa mwendo uliozidi kikomo chake. Darasa zima liliinuka. Vijana wenye kaka zao wa bodaboda waliandika ile 50 kwenye mikono yao. Kama huo ni uhuni basi naomba nipangiwe ajira ya uhuni.

Mwisho, suluhisho, maana kulalamika bila suluhisho ni kazi ya kijiweni.

Sisi watu wa huku tulishawahi kuwa na mashindano ya magari yaliyojua maana ya umbali. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na miaka ile ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa yanaondoka moja moja, kila dereva anapambana na saa na njia. Mwaka 1963 yalianza 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Hakuna aliyewaita wahuni wale waliobaki kwenye tope. Na mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda alikuwa dereva aliyeishi hapa hapa Tanzania, Bert Shankland, na Peugeot 404. Hata gemu maarufu la rali linaloendelezwa na wapenzi wake mpaka leo, lililotoka mwaka 2004, limepewa jina la Richard Burns, aliyeshinda Safari mwaka 1998 na 2000.

Basi tufanye hivyo hivyo. Tuanzishe ligi yetu ya saa. Uwanja mmoja, gari moja, toleo la bure. Kila mtu anaendesha peke yake siku anayopata umeme, anahifadhi marudio ya mzunguko wake bora, anayatuma kabla ya Jumapili usiku. Faili lenyewe ni dogo, hata kwa flashi linafika. Hapo pingi haina kazi. Wa Mkata, wa Korogwe na wa bweni hili wote wanapimwa kwa saa ile ile, na safari hii saa iko mezani kwa kila mmoja, haiko Ujerumani. Wanaotaka kubanana bampa kwa bampa, tutafute kompyuta moja tuiweke seva Dar es Salaam. Kutoka Korogwe ni chini ya kilomita 300, siyo 7,000. Hatuhitaji mfadhili wala semina. Tunahitaji kompyuta moja na watu kumi wasiokata tamaa. Mimi ni wa kwanza, bado tisa.

Na yule jamaa wa kwenye grupu namkaribisha pia. Chumba changu unakijua, usukani upo, kanyagio lenye mpira wa baiskeli ni la breki, ulikanyage taratibu.

Kule Handeni muhula unaanza tena wiki ijayo. Natumaini jaribio la kwanza halitawekwa kipindi cha kwanza.

Nawasilisha. Maoni ruksa, matusi peleka kwenye grupu.